Kabla ya Kununua Kontrola Mpya: Namna ya Kutambua Hitilafu ya Umeme wa Jua

Katika kijiji cha Robanda, wilayani Serengeti, ambako makazi na mashamba yamepakana na maeneo ya wanyamapori, taa ya uani si pambo. Ndiyo inayomwezesha mwenye nyumba kuona kilichoingia zizini au shambani usiku kabla hajatoka nje. Kaya zilizo mbali na nguzo za umeme hutegemea sola kwa taa hiyo na kwa kuchaji simu. Taa inapozimika, jibu ambalo mtumiaji huweza kupewa ni hili: kontrola imekufa, nunua nyingine. Pengine ni kweli. Hata hivyo, dalili hiyohiyo huletwa pia na waya, fyuzi au betri, na mtu aliyeuza mbuzi ili anunue kontrola huweza kujikuta gizani palepale. Somo hili linaeleza namna ya kuubaini ukweli kabla ya kutoa fedha.

Kazi ya kontrola

Kontrola ni kisanduku kinachokaa kati ya paneli, betri na taa. Ndani yake mna bodi ya kielektroniki yenye kazi mbili. Mchana huruhusu umeme wa paneli uingie kwenye betri, na huupunguza betri inapojaa. Wakati wote huichunguza betri, na chaji ikishuka mno hukata taa ili betri isiharibike. Kazi hii ya pili ndiyo inayowapotosha wengi. Katika mfumo wa volti 12, kontrola nyingi hukata taa betri inapokaribia volti 11, wala haziirudishi hadi betri ipande tena, aghalabu karibu na volti 12.6. Kontrola ya namna hiyo haijafa; inatimiza wajibu wake.

Uchunguzi kwa hatua

Hatua hizi zinahusu mfumo wa volti 12 wenye betri ya asidi iliyo peke yake. Mfumo uliofungwa wote ndani ya kasha moja usifunguliwe. Urudishwe kwa muuzaji. Betri ya maji ina tindikali na hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo usikaribishe moto wala sigara, na usiache spana iguse vichwa vyote viwili vya betri.

1. Tazama kwanza. Kontrola nyingi zina kitufe cha kuwasha na kuzima taa. Huenda kimebonyezwa na mtoto. Futa vumbi kwenye paneli, safisha kutu kwenye vichwa vya betri, kaza waya zilizolegea.

2. Kagua fyuzi. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Usiweke kipande cha waya mahali pake, kwani ulinzi wote utakuwa umeondoka.

3. Ondoa taa na vifaa vyote, kisha virudishe kimoja kimoja. Kifaa kinachosababisha mfumo ukate tena ndicho chenye kasoro.

4. Pima betri alfajiri, kabla jua halijachomoza na taa zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa. Mita iwe kwenye alama ya DC. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.7, ikisoma chini ya 12, imeishiwa.

5. Pima paneli wakati wa jua kali. Ifunike kwanza kwa blanketi zito, chomoa waya zake kwenye kontrola, kisha ifunue na upime. Paneli nzima ya mfumo huu husoma takribani volti 18 hadi 22.

6. Ifunike tena paneli, rudisha waya, ifunue, kisha pima betri. Volti zikipanda taratibu na kuvuka 13, chaji inaingia. Zisipopanda kabisa, jaribu kwa betri nyingine iliyo nzima. Zikigoma tena, ilhali paneli, waya na fyuzi ni salama, kasoro imo ndani ya kontrola. Vivyo hivyo, betri ikiwa imejaa, kitufe kimewashwa, na matundu ya taa yanasoma sifuri, upande huo wa bodi umeharibika.

Betri ikizidi volti 15, ikachemka au kutoa harufu ya mayai viza, kontrola imeshindwa kuizuia chaji. Funika paneli mara moja, ichomoe, fungua madirisha, na umwite fundi mwenye leseni.

Wakati wa kuunganisha, anza na betri, fuata paneli, malizia na taa. Wakati wa kutenganisha, anza na taa, kisha paneli, mwisho betri. Kuunganisha paneli pasipo betri kunaweza kuunguza bodi.

Haki ya mnunuzi

Kontrola ikithibitika kuwa mbovu, usiifungue, kwani waranti inaweza kupotea. Andika vipimo ulivyopata na tarehe yake, kisha uirudishe dukani pamoja na risiti. Muuzaji analazimika kisheria kutoa risiti, na mnunuzi kuidai. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi aliyokusudia na kutegemea ujuzi wake ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Ukinyimwa haki, andika malalamiko na ubaki na nakala. Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hushughulikia udanganyifu dhidi ya mlaji. Shirika la Viwango Tanzania hupokea taarifa za bidhaa zisizokidhi viwango.

Maswali ya kujipima

1. Betri inasoma volti 11.4 alfajiri na taa haiwaki. Kwa nini hatuwezi bado kuilaumu kontrola?

2. Fundi anasema bodi imeungua bila kupima. Utamwomba akuonyeshe vipimo gani vitatu kabla ya kumlipa?