Picha ya Uso wa Mtoto Inaweza Kumwambia Nini Daktari?

Kuna hitilafu za vinasaba ambazo daktari mzoefu huzishuku kwa kumtazama mtoto usoni tu. Mwenye sindromu ya Down mara nyingi huwa na macho yaliyopanda kidogo upande wa nje. Mwenye sindromu ya Williams huwa na mdomo mpana na uvimbe laini kuzunguka macho, na mwenye Noonan macho yake huwa yameachana na masikio yamekaa chini. Lakini Williams humpata mtoto 1 tu kati ya takriban 7,500 hadi 10,000. Mganga wa kituo cha afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mtoto wa aina hiyo, au akamwona asimtambue, na madaktari bingwa wa vinasaba katika nchi zetu ni wachache mno.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoingia. Programu inayojulikana zaidi inaitwa Face2Gene, ya kampuni ya FDNA, na imetengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, si wazazi. Daktari hupakia picha ya mtoto, programu hupima umbo la uso na kulilinganisha na nyuso za watoto ambao hitilafu zao zinajulikana, kisha hutoa orodha ya majina ya sindromu, inayofanana zaidi ikiwa juu. Mwaka 2019 waundaji wake walichapisha matokeo katika jarida la Nature Medicine: mfumo ulikuwa umefundishwa kwa picha zaidi ya 17,000 za sindromu zaidi ya 200, na ulipojaribiwa kwa picha 502, jina sahihi lilikuwemo katika 10 za mwanzo kwa asilimia 91.

Tusiisome asilimia hiyo haraka haraka. Kuwemo katika 10 za mwanzo si sawa na kuwa la kwanza. Zaidi ya hayo, wote katika jaribio hilo walikuwa tayari na sindromu, kwa hiyo mfumo haukuulizwa kama mtoto ana tatizo au hana. Uliulizwa tatizo lake linafanana na lipi. Ukiupa picha ya mtoto mzima wa afya, nao bado utapanga majina. Ndiyo maana napinga kabisa mzazi kuchukua picha ya mwanawe na kuiingiza katika programu yoyote aliyoikuta kwenye simu. Atapewa jina la kutisha, atakosa usingizi, na huenda mtoto hana lolote.

Halafu kuna suala linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mashine hujifunza kwa nyuso inazoonyeshwa, na nyingi zilizoonyeshwa mwanzoni hazikuwa za Waafrika. Mwaka 2017 Aimé Lumaka wa Kinshasa na wenzake waliijaribu Face2Gene kwa watoto wenye sindromu ya Down. Kwa watoto wa Ubelgiji wenye asili ya Ulaya iliitambua sindromu kwa asilimia 80. Kwa watoto wa Kongo ikaambulia asilimia 36.8. Yaani hitilafu ya kromosomu inayojulikana kuliko zote ilipita bila kuonekana kwa zaidi ya nusu ya watoto hao. Watafiti walipoufundisha mfumo kwa nyuso za Waafrika wenye Down, kiwango kilipanda hadi asilimia 94.7. Tatizo lilikuwa katika mafunzo ya mashine, wala si katika nyuso za watoto wetu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba hata macho ya wataalamu huathiriwa na asili ya mgonjwa na asili ya mtaalamu mwenyewe. Daraja bapa la pua, kwa mfano, halimwambii mengi daktari wa Kinshasa au Tabora, kwa kuwa watoto wengi wazima wanalo.

Mfumo mwingine, uliobuniwa katika hospitali ya watoto ya Children's National mjini Washington, ulichapishwa mwaka 2021. Huu ulifundishwa kutenganisha watoto wenye sindromu na wasio nayo, kwa picha 2,800 kutoka nchi 28. Usahihi wake kwa jumla ulikuwa asilimia 88, lakini kwa watoto wenye asili ya Afrika ulikuwa 84. Pengo limepungua, ila halijafungika. Kwa hiyo programu ikisema haioni kitu, na mwili wa mtoto unasema vingine, ufuateni mwili.

Mwili husema nini? Mtoto mlegevu kama kitambaa ukimbeba, anayechoka au kutoka jasho akinyonya, asiyeongezeka uzito katika kadi ya kliniki, aliyechelewa kukaa au kutembea, aliyezaliwa na mdomo sungura au tundu la moyo. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, lakini zikikutana mbili tatu, mwambie daktari waziwazi: "Naomba mtoto achunguzwe vinasaba." Picha yenyewe haithibitishi. Kwa Down kinachothibitisha ni kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu, ambacho huonyesha kromosomu ya 21 ya ziada.

Daktari akiomba picha, mtoto atazame kamera ana kwa ana, macho wazi, bila kofia wala miwani, nywele zisifunike paji, na mwanga utoke mbele yake. Zima kile kipengele cha simu kinacholainisha ngozi na kurembesha sura, maana hubadilisha hasa kile kinachopimwa. Peleka na picha za umri mdogo kama zipo.

Kabla ya kukubali, uliza picha itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na kama itatumika kufundishia mashine. Una haki ya kukubali uchunguzi na kukataa matumizi mengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote huzipa taarifa za vinasaba ulinzi wa pekee.

Majibu yakithibitisha Down, ndugu wasianze kutafuta aliyeleta mkosi. Mara nyingi kromosomu ya ziada hutokea kwa bahati tu wakati mbegu au yai linapotengenezwa. Uwezekano huongezeka umri wa mama unavyosonga, lakini hata mama wa miaka 20 huzaa mtoto mwenye Down, na hakuna alichokula wala alichotenda kilichosababisha.

Na majibu ya kromosomu yakichelewa, moyo usisubiri. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi hawaonyeshi dalili katika wiki za mwanzo huku mishipa ya mapafu ikiendelea kuharibika. Daktari akishaishuku Down, omba kipimo cha eko cha moyo mwezi huohuo wa kwanza, kwa sababu kasoro kubwa nyingine zinahitaji upasuaji ndani ya miezi michache, na zikicheleweshwa sana hazipasuliki tena kwa usalama.