Usikate Springi: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya Ukinunua Gari la Spoti

Wiki haiishi bila gari la spoti kuletwa gereji kwangu likiwa limebebwa. Si ajali. Ni tuta. Mwenye gari amelipa mamilioni, amelifurahia mwezi mmoja, kisha amelishusha mpaka tairi zimemezwa na bodi, na tuta la mtaani kwake limemaliza kazi. Nafunga na kufungua shokapu Dar es Salaam huu mwaka wa ishirini na kitu. Nimechoka kueleza jambo lilelile kwa mtu mmoja mmoja huku oili inadondoka sakafuni, kwa hiyo naliandika mara moja. Ni kwa anayenunua Toyota GR86, Subaru BRZ au WRX, GR Yaris, Mazda MX-5, hata Porsche, na anaulizwa: unataka springi za kawaida, za spoti, shokapu za umeme, au tukufungie koilova, yaani springi na shokapu za pamoja ambazo kimo chake kinarekebishwa?

KABLA YA KULIPA: FANYA

Pima njia yako. Chukua futi, nenda kwenye tuta baya kuliko yote kati ya nyumbani na kazini, kisha pima kizingiti cha geti lako na mteremko wa maegesho ya ofisini. Andika. GR86 inatoka kiwandani tumbo likiwa sentimita 13 juu ya lami. Weka abiria na begi, hizo 13 zinapungua. Matuta ya barabara kuu angalau yana mhandisi. Ya mtaani yamejengwa na wakazi wenyewe siku ya Jumapili, na urefu wake ni pale zege lilipoishia. Ukiwa na namba za njia yako na ya tumbo la gari mkononi, nusu ya maswali unayoniletea yamekwisha kujibiwa.

Chagua za kawaida, mpaka upate sababu ya kuzikataa. Springi inabeba gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Vyote viwili vipo ili tairi libaki limegusa barabara, kwa sababu tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki. Kwenye lami laini kama kioo, springi ngumu inasaidia. Kwenye lami yenye viraka, springi ngumu inalirusha tairi juu kwenye kila kiraka, na wewe unadhani gari lina nguvu kumbe linateleza.

Waangalie wanaoifahamu kazi hii. Alpine wa Ufaransa walipotoa A110 mwaka 2017, waliipa springi laini kwa makusudi. Mwaka 2019 walitoa A110 S kwa wanaotaka ukali zaidi: springi ngumu kwa asilimia 50, na gari likashuka milimita 4. Nne. Kijana anakuja kwangu anataka 40.

Au rudi nyumbani. Porsche walipoileta 911 SC kwenye Safari Rally ya Kenya mwaka 1978, waliinyanyua mpaka sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Jr akashika nayo nafasi ya pili. Aliyewashinda ni Jean-Pierre Nicolas ndani ya Peugeot 504 Coupé, ukoo mmoja na zile 504 walizopanda wazee wetu kama teksi. Mwaka 2022 Porsche haohao wakatoa 911 Dakar, juu kwa milimita 50 kuliko Carrera yenye springi za spoti, na ina kitufe cha kuongeza 30 nyingine. Wenye kiwanda wanapandisha. Wewe unalipa fundi akushushie.

Chukua rimu ndogo. Hili watu hawalisikii kabisa, nami nalirudia. GR86 inapatikana na tairi za 215/45R17 au 215/40R18. Piga hesabu: asilimia 45 ya 215 ni milimita 97 za mpira kati ya rimu na barabara, asilimia 40 ni 86. Umetupa milimita 11 za springi ya bure, isiyohitaji fundi, ili rimu ionekane kubwa kwenye picha. Rimu zilizopinda zimejaa ukutani kwangu kama sahani. Karibu zote ni za inchi 18 na 19.

Uliza bei ya shokapu moja ya mbele. Si bei ya gari. Uliza pia inafika kwa siku ngapi. Ukitajiwa bei ukahitaji kukaa chini, chagua aina nyingine.

Kwa gari la mnada wa Japani, isome karatasi ya mnada. Ukiona limeandikwa lina shakocho, maana yake limeshafungwa koilova na mwenye zamani. Dai springi na shokapu zake za kiwandani zije ndani ya gari, au punguza bei. Sheria ya Japani inaruhusu gari kukaa sentimita 9 juu ya ardhi. Huko ni halali na barabara zinaruhusu. Hapa sentimita 9 hazivuki tuta la mbele ya shule.

KABLA YA KULIPA: USIFANYE

Usichague kwa picha. Gari kwenye picha limeegeshwa.

Usinunue shokapu za umeme kama fundi wako hana kompyuta ya kuzisoma. Ni kitu kizuri, sikatai. Zinalainika mjini na kukaza ukikimbia, na zile za sumaku zina mafuta yenye chembechembe za chuma yanayobadilika uzito ukipitisha umeme. Lakini ikifa moja, fundi wa chini ya mwembe atakufungia ya kawaida, taa ya dashibodi itawaka, na hutajua tena siku ikiwaka kwa jambo lingine. Kama gari lina dhamana na kuna wakala mjini kwako, nunua. Kama huna vyote viwili, acha.

Usiweke mifuko ya upepo kwa sababu tu rafiki yako anayo. Mfuko ni mpira, na mpira unachanika. Ukivuja kidogo, pampu inafanya kazi mfululizo kuujaza, mpaka pampu nayo inaungua. Umeanza na tundu la pini, umemaliza na vitu viwili vya kununua.

Usitegemee kitufe cha kunyanyua pua kikuokoe na kila kitu. Corvette ya mwaka 2020 inanyanyua pua kama milimita 40 kwa sekunde zisizofika tatu, na inakumbuka mpaka sehemu 1,000 kwa satelaiti. Ukiweza kununua gari lenye kitu hicho, kichukue, ni pesa iliyotumika vizuri. Ila kinanyanyua pua. Tuta likishapita tairi za mbele, linakutana na tumbo, na tumbo halina kitufe.

Usikate springi. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna watu bado wanakata, kwa grainda, mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kisha wanakuambia "imekaa poa, bosi". Springi iliyokatwa ni ngumu kuliko ya mwanzo na ni fupi, lakini shokapu ni ileile ya zamani, iliyopimiwa springi laini na ndefu. Haiwezi kuituliza. Inafanya kazi karibu na mwisho wake kila dakika, inapiga chini, na sili inapasuka. Niliwahi kupandisha jeki Altezza ya namna hiyo. Tairi la nyuma liliponing'inia, springi ikatoka kwenye kikalio chake na kuegemea pembeni, legelege. Mwenye gari alikuwa ametoka nayo Morogoro usiku uleule. Fikiria tairi hilo likipaa kwenye tuta kwa mwendo wa 100, springi ikirudi chini mahali pasipo pake. Nilimwonyesha kwa tochi. Akauliza kama ninaweza kuifunga kwa waya.

KOILOVA: KAMA HUSIKII, ANGALAU FANYA HIVI

Jua namba yake. Koilova ya 8K maana yake springi inataka kilo 8 ili iminywe milimita moja. Ya 4K inataka nne. Mtu mwenye kilo 80 akiikalia ile ya kwanza inashuka milimita 10, ya pili 20. Anayekuuzia bila kujua namba hii anauza rangi.

Pima kabla ya kufungua chochote. Gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, pande zote nne. Andika kwenye daftari la gari. Bila vipimo hivyo hutajua umeshusha kiasi gani, na fundi atakuambia "kidogo tu".

Funga utepe kwenye fimbo ya shokapu. Inua kile kifuniko cha mpira, zungusha utepe mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye fimbo, usukume mpaka uguse bomba la shokapu. Endesha njia yako ya kila siku. Kila shokapu ikiminywa, bomba linausukuma utepe juu, nao unabaki pale. Ukirudi ukaukuta umefika kwenye mpira wa kuzuia kugonga, shokapu imeishiwa nafasi, haidhuru gari linaonekana zuri kiasi gani. Pandisha.

Kaza bolti za bushi gari likiwa limekanyaga chini. Mafundi wenzangu, hili ni lenu. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, siku gari likishuka bushi inabaki imesokotwa mchana na usiku. Inachanika kabla ya wakati, mteja anasema spea ni feki, kumbe feki ni wewe.

Fanya alaimenti siku hiyohiyo. Gari likishuka, tairi zinalala kwa ndani na mielekeo yake inabadilika. Bila kupimwa upya, upande wa ndani wa tairi jipya unakwisha hadi waya huku wa nje una vipele vyake vyote. Hutauona mpaka lipasuke. Na taa za mbele zirekebishwe, maana nazo zimeshabadili zinakoangalia.

Mwambie wa bima. Kama una bima kubwa na umebadili mfumo wa chini, wajulishe kwa maandishi. Usiwape sababu ya kukataa kulipa.

KOILOVA: USITHUBUTU

Usibadilishe upande mmoja. Shokapu zinakwenda jozi, mbele mbili au nyuma mbili. Upande mpya na upande uliochoka vinalivuta gari kila ukifunga breki ghafla.

Usifungue springi bila kibano chake. Springi iliyominywa ni bunduki iliyokokiwa. Kamba haifai, waya haufai, na dogo wa gereji kuikalia ndiyo kabisa.

Usikaze mpaka mwisho ule ufunguo wa ugumu ukidhani ndiyo "spoti". Ufunguo ule unaikaza shokapu, si springi. Ukiuzungusha hadi mwisho kwenye barabara ya vumbi, tairi litashindwa kurudi chini kwa wakati, na gari litaruka kona kama jiwe linalorushwa juu ya maji.

UKIWA BARABARANI

Fanya: punguza mwendo kabla ya tuta, kisha achia breki kabla tairi halijaligusa. Breki inainamisha pua. Ukilipanda tuta huku umekanyaga breki, umelishusha gari bila hata ya koilova. Tumia hali ya kawaida mjini kama gari lina kitufe cha kuchagua. Kila ukibadili oili, mwambie fundi amulike shokapu: yenye unyevu wa mafuta na vumbi lililoganda juu yake imeshakufa.

Usifanye: usiamini kwamba kelele ya "kong" ni ya kawaida ya magari ya spoti. Siyo. Ni lingi ya stabilaiza, au bolijointi, au mpira wa juu wa shokapu, na bolijointi ikitoka tairi linalala chini ukiwa unaendesha.

La mwisho, usitupe wala usiuze springi na shokapu za kiwandani. Zifunge, ziweke stoo. GR86 ya mwisho kuletwa kwangu ilikuwa na wiki tisa tangu ifungwe koilova hapahapa, kwa amri ya mwenyewe, baada ya mimi kusema yote haya. Sampu ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba, na mstari wa oili ulitoka getini kwangu ukaenda mpaka lami, ukapinda kulia, ukapotelea huko kwenye tuta la msikitini. Springi zake nilikuwa nimezitunza ndani ya mfuko wa saruji, juu ya rafu, na jina lake kwa chaki. Kazi ya kuzirudisha ilichukua asubuhi moja. Sampu tuliisubiri mwezi mzima.