FAHAMU FEDHA ZA KAUNTI: Hospitali ya Umma Inapokopa kwa Muda Mfupi

Huenda umewahi kufika hospitalini ukaambiwa dawa ulizoandikiwa ununue nje, kwa sababu hospitali inasubiri malipo. Wengi hujiuliza: ikiwa pesa zinakuja, kwa nini hospitali isikope leo na kulipa zikifika? Katika somo la toleo hili tunaeleza sheria inaruhusu nini, mkopo wa aina hiyo hugharimu kiasi gani, na wewe unafaa kuuliza nini.

Pesa za hospitali hutoka wapi?

Hospitali ya kaunti hutegemea mifereji mitatu mikuu. Wa kwanza ni mgao kutoka bajeti ya kaunti, ambao kwa sehemu kubwa unatokana na fungu linalotumwa na Serikali ya Kitaifa. Wa pili ni malipo ya bima kutoka Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wa tatu ni ada ambazo wagonjwa hulipa wenyewe.

Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 iliruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinavyokusanya na kuyatumia kwa huduma. Hii ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, kubaki na mapato hakusaidii ikiwa mapato yenyewe hayajaingia. Mgonjwa hutibiwa leo, madai hupelekwa SHA, na malipo huja baadaye. Wakati huo oksijeni, chakula cha wagonjwa, umeme na mishahara ya vibarua havingoji.

Sheria inasema nini kuhusu kukopa?

Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu serikali ya kaunti kukopa ikiwa tu Serikali ya Kitaifa imedhamini mkopo huo na Bunge la Kaunti limeidhinisha. Kwa mahitaji ya muda mfupi, Sehemu ya 142 ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka masharti haya:

1. Bunge la Kaunti ndilo linaloweza kuidhinisha asasi ya kaunti kukopa kwa muda mfupi.
2. Mkopo uwe wa kuziba pengo la fedha taslimu pekee. Haufai kujenga wodi wala kununua gari.
3. Usizidi asilimia 5 ya mapato ya asasi hiyo yaliyokaguliwa hivi karibuni.
4. Ulipwe wote ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kukopa.

Kwa hiyo msimamizi wa hospitali hawezi kuingia benki na kutia saini mkopo kwa mamlaka yake mwenyewe, hata kama nia yake ni njema. Aidha, hospitali haiwezi kujitangaza yenyewe kuwa asasi ya kaunti. Lazima itambuliwe hivyo kisheria. Na ambayo hesabu zake hazijakaguliwa haina msingi wa kupigia ile asilimia 5.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali ya Kiwango cha 4 ilikuwa na mapato yaliyokaguliwa ya Sh60 milioni kwa mwaka, yaani wastani wa Sh5 milioni kwa mwezi. Asilimia 5 ya Sh60 milioni ni Sh3 milioni. Hicho ndicho kikomo chake.

Tazama vizuri kiasi hicho. Asilimia 5 ya mwaka ni sawa na mapato ya siku 18 hivi. Malipo yakichelewa wiki mbili, mkopo unaweza kuivusha hospitali. Yakichelewa miezi mitatu, mkopo utakwisha mapema na pengo libaki palepale.

Sasa tuseme hospitali inadai SHA Sh3.5 milioni, na inakopa Sh3 milioni kwa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya miezi hiyo ni Sh120,000. Ikiwa chakula cha mgonjwa mmoja kwa siku ni Sh150, riba hiyo ingetosha kulisha wagonjwa 100 kwa siku nane.

Madai yakilipwa yote, benki itachukua Sh3.12 milioni na hospitali itabaki na Sh380,000. Lakini je, madai ya Sh700,000 yakikataliwa kwa sababu fomu hazikujazwa sawasawa? Zitaingia Sh2.8 milioni, na hospitali itapungukiwa na Sh320,000 za kumalizia deni. Itabidi zitoke kwenye ada za mwezi unaofuata, pesa ambazo zingenunua dawa. Hapo ndipo mkopo wa kuziba pengo unapochimba pengo jingine.

Mkopo usioitwa mkopo

Kuna njia nyingine ya kukopa ambayo haifiki Bunge la Kaunti: kuchukua bidhaa bila kulipa. Mama anayeleta mboga jikoni, kijana anayeleta kuni, kampuni ya oksijeni na hata KEMSA wanaposubiri malipo kwa miezi, wao ndio wanaoikopesha hospitali. Mkopo huo hauna riba kwenye karatasi, lakini una gharama. Msambazaji mkubwa hupandisha bei ili kufidia kusubiri, au husimamisha usambazaji hadi alipwe. Mfanyabiashara mdogo hufunga biashara. Madeni hayo hugeuka kuwa bili ambazo hazijalipwa na kuhamia bajeti ya mwaka unaofuata.

Kukopa kwa idhini, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe ya kulipa, kunaweza kuwa wazi na haki zaidi kuliko kumbebesha msambazaji mzigo kimyakimya. Lakini kabla ya kukopa, hospitali inafaa kwanza kupeleka madai mapema yakiwa kamili, kufuatilia yaliyokataliwa, na kupanga ununuzi kulingana na miezi ambayo pesa huchelewa.

Maswali ya kuuliza

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa umma katika fedha za umma. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Basi katika kikao cha umma, au kwa mwakilishi wadi wako na bodi ya hospitali, uliza:

• Hospitali yetu inadai kiasi gani, na madai ya zamani zaidi ni ya mwezi gani?
• Madai mangapi yalikataliwa, na kwa nini?
• Inadaiwa na wasambazaji kiasi gani?
• Ikiwa inataka kukopa, pesa zitanunua nini na zitalipwa na mapato yapi?
• Riba ni kiasi gani, na itatolewa kwenye fungu gani?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Jibu likiwa malipo fulani yanayojulikana, yaliyohakikiwa na yanayokaribia kuingia, mkopo una msingi. Jibu likiwa "tutaona pesa zikija", deni hilo huenda likalipwa na mgonjwa atakayefika mwakani na kukuta rafu za dawa tupu.