Tumehama Nyumba, Je, Imani Yetu Tumeiacha Nyuma?



Familia inapohama kutoka Laini Saba, Kibera, kwenda Gatina, Kawangware, hakuna kitu kinachosahaulika. Kitanda, stovu, sufuria, mitungi ya maji na magodoro ya watoto hupakiwa kwenye mkokoteni, na kabla ya giza kuingia chumba kipya kimekwisha pangwa. Si mbali, ni kilomita chache tu. Lakini mwaka mmoja baadaye ukiwauliza mume na mke wako katika jumuiya gani, watatazamana kisha watakujibu, "Bado tunajipanga."

Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya huko kujipanga, maana ndoa nyingi hupoa humo humo.

Watu huhama kwa sababu nyingi. Wengine kodi imewashinda, wengine wamefuata kazi. Mwezi wa Julai 2018 maelfu ya watu wa Kibera walibomolewa nyumba zao ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wapo waliokimbia majirani waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Mtu aliyeondoka namna hiyo huwa mzito kuanza urafiki upya. Tusimlaumu upesi.

Hata hivyo yafaa tuelewe tumepoteza nini. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA iliyofanyika Nairobi mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba maisha ya parokia yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sababu yao ilikuwa wazi. Katika Misa ya Jumapili watu ni wengi mno. Waweza kuingia, kupokea Komunyo na kutoka bila mtu yeyote kujua kwamba mtoto wako amelazwa hospitali. Katika jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano, usipofika wiki mbili, mtu atabisha hodi.

Kwa bahati mbaya wengi wetu huikumbuka jumuiya siku mtoto anapotakiwa kubatizwa, au msiba unapotokea, ofisi ya parokia ikauliza, "Jumuiya yenu ni ipi?" Hapo jumuiya huwa kama ofisi ya chifu, mahali pa kutafutia barua.

Angalieni yanayotokea nyumbani. Kule Kibera mlipokosana, alikuwapo mama mmoja wa jumuiya aliyeweza kuwaketisha wote wawili akawasikiliza. Hapa Kawangware hakuna anayewajua. Ugomvi mdogo wa pesa za sukari hulala humo chumbani, ukaamka nao asubuhi. Sala ya jioni ilikuwa inashikiliwa na mazoea ya kukutana na wengine. Sasa inaachwa siku moja, halafu wiki, halafu haipo. Baba anatoka mjengoni amechoka, Jumapili analala. Mama anakwenda Misa peke yake na watoto, moyo ukiwa na malalamiko.

Au mama haendi Misa tena. Jirani wa ploti amemkaribisha katika kanisa la mabati lililo karibu, na wiki ya kwanza tu wamejua jina lake na kumwombea mtoto wake mwenye kikohozi. Hapo ndipo mume, ambaye hajaingia kanisani tangu Pasaka, hupata ghafla bidii ya dini na kufoka: "Umeacha imani yetu!" Baba mpendwa, kabla ya kufoka, muulize mkeo amepata nini kule. Mara nyingi hakuvutwa na mafundisho. Alisalimiwa kwa jina lake. Je, wewe na jumuiya yako mngeweza kumpa hilo?

Tuseme pia ukweli juu ya wanaume. Wengi hawaikimbii sala, wanaikimbia michango. Kuna mchango wa ujenzi, wa mgonjwa, wa mazishi, na baba asiye na kitu mfukoni huona aibu kukaa mbele ya mweka hazina. Dawa ya jambo hili si kujificha. Mwende wote wawili kwa mwenyekiti, mseme wazi mnachoweza na msichoweza. Na viongozi wa jumuiya wanaosoma majina ya wasiotoa mbele ya watu, tafadhali waache. Wanawafukuza baba za watu. Kwa baba mgeni, wakati mzuri wa kuanza ni Kwaresma, maana kile kijitabu cha Kampeni ya Kwaresma huleta hadithi na picha za mambo ya nchi yetu, kama rushwa na ardhi, na hapo hata asiyezoea kusali kwa sauti ana la kusema.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma habari za mume na mke, Akula na Priskila. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakaenda Korintho, kisha Efeso. Walikuwa mafundi wa mahema, watu wa kazi za mikono kama wengi wetu. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, Paulo analitaja kanisa lililokutana nyumbani mwao. Hawakungoja wajipange.

Basi rudini pamoja katika jumuiya yenu ya zamani, mwage kwa heshima, mwombe barua ya kuwatambulisha. Nauli mbili si kitu kikubwa. Mwezi huo huo mtafute jumuiya ya ploti zenu mpya, mkaingie wote wawili siku ya kwanza. Kama baba ni askari wa usiku, pokezaneni baadaye, lakini siku ya kwanza iwe ya wote. Kisha alikeni jumuiya kwenu. Ndiyo, katika chumba hicho hicho cha futi 10 kwa 10: watoto juu ya kitanda, wageni juu ya mitungi iliyogeuzwa. Chai ya rangi yatosha, na hata bila chai watu watasali. Mpatane kabla juu ya gharama, ili mke asiaibishwe mbele ya wageni.

Wapo wanaojificha kwa kuwa ndoa yao ni ya kimila tu, au walianza kukaa pamoja bila harusi. Ninyi ndio mnaohitaji jumuiya zaidi. Waoneni katekista na padri mapema. Kufunga ndoa hakuhitaji mahema wala msafara wa magari. Kama hakuna kizuizi, yatosha ninyi wawili, padri au shemasi, na mashahidi wawili.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, ulizaneni taratibu: Katika mtaa huu, nani anajua majina yetu sote wawili? Tukipatwa na shida saa nane usiku, tutabisha kwa nani? Na ni nyumba gani mpya katika ploti yetu ambayo hakuna aliyekwisha kubisha hodi?