Kuitambua Sarafu ya Kale Iliyolika

Ukilima Kirushya, au ukichimba msingi wa nyumba popote kati ya Ngara na Biharamulo, jembe linaweza kuinua kiduara cha madini kilicholika pande zote mbili. Wapo wanaokitupa, na wapo wanaokimbilia msasa. Yote mawili ni hasara, kwa sababu sarafu iliyolika bado inasomeka, mradi usianze na maandishi.

Anza na historia ya eneo lenyewe, maana ndiyo inayopunguza mashaka. Mjerumani alikuwa na boma Biharamulo. Mwaka 1916 majeshi ya Mbelgiji yakatoka magharibi yakaliteka eneo hili, na mwaka 1921 likakabidhiwa kwa Mwingereza. Fedha za tawala tatu, basi, na kila moja ina alama yake isiyofutika upesi. Kabla hujafikiria jambo jingine, jiulize kama uliyoishika ni ya mmoja wa hao.

Tazama tundu kwanza. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa, ni duara safi, na lina ukingo ulioinuka kidogo. Tundu lililo karibu na ukingo wa sarafu, lenye kingo zilizochanika, lilitobolewa na mtu ili aivae shingoni. Hilo halikuambii ni sarafu gani, ila linakuambia ilivyotumika, na ni jambo la kuandika.

Kama tundu ni la kiwandani, geuza sarafu ukitafuta umbo badala ya herufi. Pembe mbili za ndovu zilizojipinda kuzunguka tundu ni za Mwingereza: senti 1, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki. Nyota ambayo tundu limekaa katikati yake ni ya Kongo ya Mbelgiji. Ile ya sentimu 5 ina kipenyo cha milimita 19, ya 10 ina 22, ya 20 ina 25, kwa hiyo rula inamaliza kazi hata tarakimu zikiwa zimekwisha. Kukiwa na taji na majani, bila pembe wala nyota, na rangi ni nyeupe, shuku heller 5 au heller 10 ya Mjerumani. Taji peke yake lisikudanganye, kwa sababu Mwingereza pia aliliweka juu ya tundu. Upande wa pili ndio hakimu.

Sarafu za shaba zisizo na tundu zinahitaji utulivu zaidi. Yenye maandishi ya Kiarabu na kipenyo cha takriban milimita 25 inaweza kuwa mojawapo ya mbili. Ukiona kivuli cha tai, ni pesa ya kampuni ya Wajerumani, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892 na kuandikwa mwaka wa Hijria 1307, 1308 au 1309. Ukiona mizani, ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mwaka wa Hijria 1299. Ndogo ya milimita 20, yenye taji upande mmoja na shada la majani upande wa pili, ni heller 1, iliyoanza kutolewa 1904 rupia ilipogawanywa kuwa heller 100. Kubwa mno, ya milimita 37 na gramu 20, ni heller 5 ya 1908 au 1909. Ukishaishika mara moja huisahau.

Kuna moja inayowapoteza wengi: heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916, yenye herufi T. Ilitengenezwa wakati wa vita katika karakana ya reli, kwa shaba au shaba ya njano, na nyingi zilitoka na chapa hafifu tangu siku ya kwanza. Usiihesabu kuwa imelika kabla hujachunguza ukingo. Ukingo ukiwa mzima na katikati kumefifia, huenda ni chapa mbaya.

Kwa fedha nyeupe, nenda kwa sonara akupimie. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na ile ya India nayo hivyohivyo, kwa hiyo mizani haitoshi. Angalia umbo la kichwa. Kofia ya kijeshi yenye tai juu yake ni ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Mwanamke mwenye taji ni Malkia Victoria, na hiyo ni ya India. Wakusanyaji wa sarafu za Roma hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: taji la miale, shada la majani au utepe kichwani humsaidia mtu kukisia kipindi cha sarafu kabla hajasoma jina la mfalme. Sehemu zilizoinuka, kama shavu na nywele, hulika kwanza. Mstari wa nje wa kichwa hubaki.

Sasa herufi. Ingia chumba chenye giza, laza sarafu mezani, washa tochi ya simu na uishushe ubavuni hadi mwanga upite juu ya uso wa sarafu kwa mlalo. Zungusha sarafu polepole. Herufi usiyoiona mchana itatupa kivuli. Katika senti za Mwingereza tafuta jina la mfalme: ikisomeka EDWARDVS VIII, ni ya 1936, mwaka ambao mfalme huyo aliacha kiti.

Udongo uloweke katika maji ya mvua, kisha utoe kwa kijiti laini. Ndimu, majivu, msasa na brashi ya waya vinaondoa kile kidogo kilichobaki, na hakirudi. Jihadhari pia na matapeli: anayekuambia rupia yako inavuta punje za mchele anataka pesa yako. Mwache aende zake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo chochote unachokishuku kuwa cha zamani hivyo kipelekee taarifa halmashauri kabla ya kukiuza au kukihamisha. Na ukikuta sarafu nyingi kwenye shimo moja, usizitenganishe. Andika mahali na kina, zifunge pamoja, kisha tafuta iliyo mpya kuliko zote: aliyezifukia alizifukia mwaka huo au baadaye, wala si kabla.