Safari ya Kabambare, gari likiwa limeegeshwa Kasongo

Ukitaka onyesho la watu wawili wakizungumza garini njiani kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mashariki mwa Kongo, barabara itakutikisia kamera, injini itameza maneno, na hali ya usalama haikuruhusu kukaa porini hadi giza. Basi ilete njia kwa waigizaji.

Ndivyo ilivyofanyika kwenye The Mandalorian, tamthilia ya Marekani iliyotoka 2019. Waigizaji walizungushiwa ukuta wa skrini za LED wenye kimo cha mita 6 hivi, na kompyuta ikawa inabadilisha mandhari kila kamera iliposogea. Kwa dirisha la gari, televisheni ya inchi 43 inatosha. Kanuni ni ileile: mandhari na mwigizaji vinanaswa pamoja, hakuna kubandika baadaye.

1. Rekodi njia. Toa taarifa kwanza kwenye ofisi ya teritwari. Ukiwa garini, elekeza simu ubavuni, kwenye kimo cha macho ya abiria aliyeketi. Rekodi dakika 10 mfululizo bila kuizungusha: michikichi, nyasi ndefu, wasukuma baiskeli na mizigo yao. Kwenye vizuizi vya askari, simu iwe mfukoni.

2. Piga hesabu ya umeme. Jenereta itaharibu sauti, tumia sola. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1200, nawe usitumie zaidi ya nusu. Televisheni ya wati 100 na taa ya wati 20 zitakwenda kama saa nne, ukitoa kinachopotelea kwenye inveta.

3. Panga skrini. Giza likiingia, egesha gari uani. Teremsha kioo, simamisha televisheni sentimita 30 hivi nje ya dirisha, ikionyesha video ya njia. Gari likienda mbele, miti lazima ikimbilie nyuma. Hakikisha hilo kabla ya yote. Fokasi ikae kwenye macho ya mwigizaji. Mistari ya mawimbi ikitokea kwenye skrini, igeuze kidogo au sogeza kamera.

4. Linganisha mwanga. Hapa ndipo wengi hunaswa. Jua la kwenye video likitoka mbele ya gari, taa nayo itoke mbele. Mtu mmoja apitishe tawi la mchikichi mbele ya taa, kivuli kimpite mwigizaji usoni kama wanavuka chini ya miti. Wawili wengine watikise bampa taratibu, na kwa nguvu pale video inaporuka shimo.

5. Tuliza kamera. Televisheni haijui kamera iko wapi. Ukisogea pembeni, mtazamaji ataona mara moja kwamba ile ni picha bapa, kwa hiyo tumia stendi. Weka shata 1/50. Michirizi myeusi ikionekana, jaribu 1/60. Funga pia mizani ya rangi, isibadilike katikati ya maneno.

Rekodi nusu dakika, kisha itazame bila sauti. Uso uking'aa kuliko njia, punguza taa.

Ukishaizoea kazi hii, jifunze Blender, programu ya bure. Kwayo unaweza kujenga Kasongo ya enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji mwaka 1893, ukaionyesha kwenye televisheni hiyohiyo. Mji ule hakuna gari linaloweza kukufikisha.