Madoa Meupe Katika Majani ya Mayungiyungi

Mnunuzi wa maua hutazama majani kabla ya kulitazama ua lenyewe. Akiona madoa meupe katika shada moja, huenda akalikataa fungu zima, na kazi ya miezi mingi ikapotea. Kwa hiyo mkulima aonapo madoa hayo hushikwa na hofu, akakimbilia bomba la dawa, naye hajajua bado anapigana na adui gani.

Yafaa kwanza atumie kidole. Na akiloweshe, kisha asugue doa taratibu. Likifutika lote na kuacha jani safi, pengine si ugonjwa hata kidogo, bali ni chokaa iliyobaki baada ya maji kukauka, au masalio ya dawa iliyonyunyizwa siku zilizopita. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya mvua chatosha.

Lakini kama kilichofutika ni kitu laini mfano wa pamba, tena chenye kunata, hao ni wadudu waitwao vidung'ata. Hujificha pale jani linapokutana na shina, na mara nyingine chini ya udongo. Hunyonya utomvu wa mmea na kutoa maji matamu ambayo sisimizi huyapenda mno. Nao sisimizi huwalinda kama mchungaji alindavyo mbuzi zake. Wakulima wa kahawa wa Kenya walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa. Katika miaka ya 1920 vidung'ata walienea katika mashamba ya nyanda za juu, na nafuu ya kweli ilipatikana baada ya mwaka 1938, walipoletwa kutoka Uganda nyigu wadogo sana ambao hutaga mayai yao ndani ya miili ya vidung'ata. Mashina nayo yalizungushiwa grisi ya kunata ili sisimizi wasipande kuwafukuza nyigu hao. Basi mwenye kumwaga sumu kali kila mahali huenda akawaua wasaidizi wake mwenyewe. Katika mayungiyungi machache, ni bora kuwafuta vidung'ata kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na kurudia kila juma, kwa kuwa mayai hubaki nyuma.

Doa lisilofutika lataka jicho. Jani na ligeuzwe. Vitone vingi vyeupe, vidogo kama ncha ya sindano, pamoja na utando mwembamba upande wa chini, ni kazi ya utitiri, ambao husitawi wakati wa kiangazi na vumbi. Hao huoshwa kwa maji, hasa chini ya jani.

Madoa makubwa zaidi, yenye umbo la yai, meupe au ya kijivu katikati na ukingo wa rangi ya kahawia, yakitokea baada ya siku za mvua, ni ya kuvu. Hewa ikiwa na unyevu hufanya vumbi la kijivu, na vumbi hilo ndilo mbegu zake. Hapana budi majani hayo yakatwe na kuchomwa moto, mimea ipewe nafasi ya kupitisha hewa, na maji yamwagwe shinani wakati wa asubuhi. Dawa ya mrututu hulinda majani ambayo bado ni mazima. Jani lililokwisha kuugua haliponyi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ua jeupe lenye umbo la kombe, ambalo watu huliita yungiyungi, si yungiyungi halisi. Asili yake ni kusini mwa Afrika, nalo ni jamaa ya magimbi. Mmoja wa ndugu zake huitwa kwa Kilatini Zantedeschia albomaculata, yaani “yenye madoa meupe”, kwa sababu majani yake huchipuka yakiwa na madoa. Jani likiinuliwa kuelekea jua, madoa hayo hupitisha mwanga. Hayana ukingo wa kahawia, wala hayaenei kwenda mmea wa jirani. Mmea wa namna hiyo hautaki dawa yoyote, na mkulima aliyekwisha kushika jembe ili aung'oe na aliweke chini.